Vitu Vitatu

Dada Bikombo kanituma: chumvi, kiberiti, sabuni ya mche.
Nimevihesabu mlangoni mbele yake,
kidole cha chumvi, kidole cha kiberiti, kidole cha sabuni.
Kutoka kwetu Bopwe hadi dukani kwa Mcha
ni hatua mia tatu, si safari.

Penye kona ya mashine ya kukobolea
Asaa akanipigia salamu: "Shaame, za tangu juzi?"
Salamu ina uzito wake, haipokelewi kwa ncha za vidole.
Nikaipokea kwa mkono mzima,
mkono ule ule niliokuwa nimeshikia chumvi.

Dukani nikasimama.
Mcha akangoja, kitambaa cha kufutia mizani begani.
Kidole kimoja kiko juu, hakina jina.
Nikanunua kiberiti. Nikashukuru.
Nikanunua kiberiti.

Bikombo hasemi kitu. Huvipanga juu ya kabati
pamoja na viberiti vya juma lililopita.
Siku umeme ukikatika, Wete nzima itakuja kwetu kuomba moto.
Anayesema ni jirani, ukuta ukiwa shahidi:
"Si kashapona huyu? Basi huo uvivu."

Nimepona zile sauti, ni kweli.
Zilikuwa zikiniita kutoka kwenye bati la paa,
zikinisuta, zikinitukania marehemu mama.
Nesi Biubwa hunidunga sindano kila mwezi;
zikaondoka moja moja, kama wageni wasioaga.
Watu walizoea kuniuliza habari za kelele.
Habari za kimya hakuna aliyeuliza:
kwamba humu ndani nikiweka kitu jioni,
asubuhi sikikuti.

Na ya zamani yapo!
Nianzishie Yasini, nitaimaliza bila kukwama,
na bakora ya Maalim Faki nitaisikia mgongoni
pale pale nilipokosea nikiwa na miaka tisa.
Lakini jina la mtoto wa dada,
aliyezaliwa Mfunguo Sita, analala chumba cha pili,
nimeliuliza mara nne,
na mara zote nne nimelipenda upya.

Akili ni nywele, wanasema.
Basi zangu zimeota upande mmoja.

Kushona kofia alianza kunifundisha kijana mmoja wa barazani.
Akanieleza yote kwa pumzi moja:
toboa, ruka mbili, pinda, rudi, kaza, zungusha.
Nilipofika "pinda", "toboa" ilikwisha kuwa maji.
Akacheka. Si kwa ubaya. Nikarudi nyumbani.

Bi Mize hakunieleza.
Alinishika mkono, akanipa kitobo kimoja.
Juma zima, kitobo kimoja.
Sindano ikitaka kwenda upande, kidole chake kimeshafika,
haniachi nikosee hata mara moja.
"Kosa nalo hukaririwa," anasema,
"na wewe ukikariri jambo baya hulisahau?
Usikumbuke, mwanangu. Shona."

Juma la nne nikaukuta mkono wangu unakaza uzi.
Sikuutuma.
Nikautazama kama mtu anavyomtazama mgeni
aliyeingia bila hodi
na akajua kata ya maji inatundikwa wapi.

Leo nimetumwa tena.
Nimefunga mafundo matatu kwenye uzi wa kofia.
Penye kona Asaa kaanza, nikainua kiganja:
"Salamu yako nitaichukua nikirudi."
Kacheka sana. Nimeleta chumvi. Nimeleta sabuni.
Fundo la tatu nimerudi nalo kama lilivyo,
nikamkabidhi dada mkononi.

Akatazama juu ya kabati, akafumba mdomo,
kicheko kikamtokea puani.

Ndani mtoto akalia.
"Dada," nikasema, "anaitwa nani?"

"Khelef."

"Jina zuri."
Nikakaa chini, nikaupachika uzi kwenye sindano.
Kofia hii ni ndogo mno. Kichwa cha nani, sikumbuki,
lakini mkono unajua kipimo.